Anwani ya Dharura

Jumanne saa nne asubuhi, fundi wa simu aliwawashia dada wawili, mkubwa na mdogo, huduma ya kupiga simu kwa Wi-Fi. Wanawake hao walifua mashuka ya hoteli kubwa, kwenye chumba cha chini kabisa ambako hakukuwa na mtandao wa kawaida hata wa dawa. Simu ikauliza: ikitokea dharura, gari la wagonjwa lije wapi?

"Nyumba ya tatu baada ya gereji, mlango wa bluu," alisema mkubwa.

Fomu ilikataa. Ilitaka namba ya nyumba na jina la barabara, na mtaani kwao hakuna aliyewahi kuviona vitu hivyo. Fundi akajaza anwani ya duka lake kwenye simu zote mbili, kama alivyowajazia wateja wengine, maana hiyo aliijua kwa kichwa.

"Hapa wanataka pajazwe tu," alisema. Wakamshukuru, wakaenda kazini.

Wiki ya tatu mdogo alianguka kando ya mashine ya kupigia pasi, ameshika kifua. Mkubwa alipiga simu ya dharura. Sauti ilisikika vizuri sana. Alipoanza kutaja hoteli, mpokeaji alimwambia atulie, anwani anaiona. Baada ya dakika nane akasema gari limefika.

"Halijafika!"

"Limefika, mama. Angalia vizuri mlangoni."

Aliangalia. Mlangoni palikuwa na toroli la taulo. Upande wa pili wa mji, wahudumu wa gari walikuwa wakimuuliza fundi mgonjwa yuko wapi, naye akiapa kwamba pale hakuna mgonjwa. Mdogo alikata roho juu ya mashuka safi, mpokeaji bado anasema limefika.

Alizikwa Alhamisi. Jumamosi fundi alipofungua duka, alimkuta marehemu ameketi kwenye benchi la wateja, amevaa aproni ya kazini. Alisema anasubiri gari la wagonjwa. Fundi alimgeuzia feni, akaendelea kubadilisha vioo vya simu. Wateja walimsalimia, wengine wakamwomba awashikie mifuko.

Jumatatu dada wa marehemu alikuja kudai maelezo ya huduma ile, akamkuta mdogo wake benchini.

"Dada, bado hawajafika?"

"Bado, mdogo wangu." Akamkazia kamba ya aproni iliyolegea.

Kisha fundi akaifungua simu ya mkubwa, akamwonyesha ile anwani. Mkubwa alisoma namba ya duka mara tatu. Akashika kaunta kwa mikono miwili; hakuwahi kushtuka namna ile, hata siku ya msiba.

"Umewaandikia wangapi hapa?"

"Wote."

"Wabadilishie!"

"Dada, niandike nini? Mlango wa bluu haukubaliki."

Alimfokea mpaka sauti ikamkauka. Fundi alikuwa na huzuni ya kweli. Tangu Jumamosi alikuwa hajala.

Akaingia mlinzi wa maegesho ya magari yaliyo chini ya jengo moja, simu mkononi. Kule chini hapati mtandao, alisema, na mkewe ni mjamzito. Fundi akamuuliza anakaa wapi.

"Nyuma ya kinu cha unga. Ukifika ulizia kwa fundi cherehani."

Fundi akashusha pumzi, akaandika ile anayoijua. Marehemu akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja.