Sababu ya Komanda

Jovita alikuwa fundi wa moteri za mitumbwi pale Magara, Burundi, kando ya ziwa. Kazi hiyo alijifunza jeshini, katika kikosi cha magari, na jeshi hilohilo lilimpeleka nchi ya mbali kulinda amani ya watu wengine. Huko kambini, mkuu wa kikosi chake, Komanda Melkiades, alimwita stoo ya mafuta mchana, akafunga mlango, akambaka. Jovita alipokwenda kushitaki, ofisa aliyempokea alimwambia anawe uso arudi kazini. Baada ya mwezi mmoja alirudishwa Burundi na karatasi iliyosema kwamba hana nidhamu.

Miaka tisa ikapita. Melkiades alistaafu, akajenga nyumba kilimani, juu ya barabara ya Magara, akanunua mitumbwi mitatu ya kuvulia ndagala, wale dagaa wa ziwani. Siku moja alimletea Jovita moteri iliyogoma. Alimtazama usoni, akamuuliza yeye ni mtoto wa nani. Hakumkumbuka. Hilo lilimuuma Jovita kuliko kama angemtukana. Akaitengeneza moteri, na moyoni akaapa kwamba mtu huyu atalipa.

Alifikiria kulegeza kitu ndani ya moteri ili izimike katikati ya ziwa siku ya upepo. Lakini Melkiades hakuwa akipanda mtumbwi hata siku moja. Wangekufa wavuvi. Basi akangoja. Alimtengenezea moteri zake vizuri kuliko za mtu mwingine yeyote, mpaka akazoeleka nyumbani kwake.

Kiangazi kilichofuata jeshi lilianza kuandikisha vijana. Irakoze, binti wa pekee wa Melkiades, alimaliza shule mwaka huo na alitaka kujiandikisha. Alikuja akilia kwa Jovita, ambaye alizoea kumwita tantini, yaani shangazi.

"Tantini, wewe ulikuwa jeshini," alisema. "Papa anakataa, na hasemi sababu. Twende umwombe."

Jovita aliweka spana chini. Halafu akapangusa mikono, akapanda naye kilima vilevile alivyokuwa, na nguo za mafuta.

Walimkuta Melkiades barazani. Mkewe, Agata, alikuwa kando akimenya mihogo. Jovita alieleza kilichomleta. Komanda akacheka kidogo, akasema jeshi si mahali pa mtoto wake.

"Kwa nini, Komanda?"

"Kule iko kazi ngumu."

"Binti yako hana uvivu. Wewe uliongoza wasichana kumi na mmoja. Mwambie unaogopa atafanywa nini, na nani."

Sasa Melkiades alimtazama kweli. Jovita akataja kambi, akataja stoo ya mafuta, akataja mwezi na mwaka. Hakupaza sauti.

Melkiades alimgeukia mkewe, akasema huyu mwanamke vita vilimharibu kichwa. Lakini Agata alikuwa ameweka kisu chini.

"Juzi uliniambia unajua vizuri wakubwa wanavyowafanya wasichana," alisema. "Nilifikiri unawasema wengine."

Irakoze alimtazama baba yake, akingoja akane. Melkiades akamwambia tu aingie ndani. Jovita aliuona uso wa Komanda ukilegea, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile alihisi furaha, furaha chungu, na hakuionea haya.

Kesho yake Agata alimchukua binti yake wakaenda kwa ndugu zake Bugarama. Habari zikateremka kilima mpaka ufukweni. Wavuvi wakaanza kumpita Melkiades bila kumwamkia. Asubuhi moja alikuja kwa Jovita peke yake, amekonda, akamwomba awaambie mkewe na mtoto kwamba alimfananisha na mtu mwingine.

"Andika ulichonifanya," Jovita akamjibu, "utie saini yako, upeleke pale waliponiambia ninawe uso. Ukitoka huko, nitakusikiliza."

Hakuandika. Aliuza mitumbwi, akahama, na hakuna aliyemuuliza anakokwenda.

Irakoze alipita Magara mara moja tu. Alipofika mbele ya kibanda cha Jovita aligeuza uso. Alishapoteza baba, na hamu ya jeshi ilikuwa imemtoka. Jovita alijua kwamba amelipiza kisasi kwa kumtumia mtoto asiye na kosa, na jambo hilo lilimkaa rohoni. Lakini kama Komanda angerudi na kujenga tena pale juu, angekipanda kilima kile mara ya pili.