Vifaranga vya Jemutai

Jemutai aliweka sikio tena kwenye mlango wa friji kuukuu. Vifaranga walikuwa wanalia ndani ya mayai, lakini sauti ilikuwa inafifia. Stima ilipotea asubuhi chuo kizima, balbu za kuyapasha mayai joto zikazimika, na baridi ya Nakuru mwezi wa saba haimhurumii mtu, sembuse yai.

Kozi ya umeme ilikuwa imegeuzwa. Mtihani wa kuandika hakuna. Unatengeneza kitu kinachofanya kazi, unapita nacho au unaanguka nacho. Vizuri sana, nani atakataa? Ila vifaa ujitafutie mwenyewe. Jemutai aligeuza friji bovu kuwa mashine ya kuangulia vifaranga. Mamake huko Sachangwan akamtumia mayai yote ya kuku wake, na neno moja: "Mwaka ni huu tu, Jemu. Karo ya mwingine siiwezi."

Nje, jenereta ilikuwa inanguruma. Akamkimbilia Muturi, mwalimu wa karakana.

"Mwalimu, nisaidie waya tu, niunganishe kwa jenereta. Wameanza kutoboa mayai!"

"Jenereta ni ya tenti, Jemutai. Wageni wamekuja kuzindua hii masomo mpya."

"Na hii yangu si ndiyo hiyo masomo mpya?"

Muturi aliangalia viatu vyake. "Usiniingize kwa shida, tafadhali. Hata mimi nimekatazwa."

Sasa angefanya nini? Alivua sweta, akayafunga mayai, akayakumbatia tumboni kama kuku anayeatamia. Spika za tenti ya wageni zilipiga kelele kwamba siku za kukariri zimeisha. Jemutai aliomba Mungu kwa sauti, bila aibu. Kilio kimoja kikanyamaza, kisha kingine, mpaka akabaki anajisikia mwenyewe tu akilia.

Mtahini, Bi. Wamuyu, aliingia mchana na soda mkononi. Akabonyeza swichi.

"Haiwaki."

"Stima hakuna, madam."

"Mimi nimetumwa nione ikifanya kazi, na haifanyi." Akaandika kwenye karatasi yake: Not Yet Competent, yaani bado hajafuzu. "Utarudia mwaka ujao. Pole, my dear."

Woi! Mwaka ujao upi? Jemutai alichukua yai moja lenye ufa, akalibandua polepole. Kifaranga alikuwa amekamilika: manyoya, kucha, mdomo umeshatokeza nje. Akamlaza juu ya ile karatasi ya mtahini.

"Na huyu, madam? Yeye alimaliza kazi yake yote. Mwandikie pia."