Kushoto, Kulia

Jengo la kampuni pale Sendai, Japani, halikuogopa kitu. Juu ya paa palikaa bonge la chuma linalosukumwa na mota: jengo likielemea huku, chuma kinalirudisha kule, kwa hesabu za mhandisi Nezu. Kimbunga kilipita, chai haikumwagika. Lakini kila asubuhi, kabla ya kazi, jengo lilianza kuyumba bila upepo wala tetemeko, mpaka mota ikatoa moshi.

“Hesabu zako ni mbovu,” mkurugenzi Onodera alimwambia mbele ya wote. “Ijumaa tunakishusha hicho chuma.”

Nezu aliinama. Ujana wake wote ulikuwa juu ya paa lile.

Walishuku treni, wakashuku lifti. Nyani haoni kundule. Jumatano Nezu aliteguka kifundo cha mguu, na wenzake waliposimama kwa mazoezi ya viungo ya kila asubuhi, yanayoongozwa na redio, yeye akabaki kwenye skrini inayopima myumbo wa jengo. Kinanda cha redioni kikaanza. Wote, wakimwelekea mkurugenzi, wakainamia kushoto. Mstari wa skrini ukapanda. Wakainamia kulia, ukashuka.

“Ni sisi,” alisema Nezu.

“Sisi nini?” Kasumi, jirani yake wa meza, alikuwa anahema.

“Sisi ndio tetemeko.”

“Wewe umeumia mguu au kichwa?”

Alimweleza mkurugenzi: nusu ya watu wageukie upande wa pili. Kushoto kwao kutakuwa kulia kwa wenzao, na misukumo itauana.

Onodera alimaliza chai yake kwanza. “Unataka nusu ya watu wanipe mgongo.”

“Ndiyo, Mkuu.”

“Hapa hakuna aliyewahi kumpa mkurugenzi mgongo.”

“Ndiyo, Mkuu.”

“Basi Ijumaa ni ileile.”

Nezu alikwenda kukaa kwenye ngazi na chakula chake. Alikirudisha bila kukigusa.

Ijumaa asubuhi mafundi walipanda paani na kamba zao. Kinanda kikalia. Onodera, badala ya kusimama mbele, alipenya kimya katikati ya safu, akasimama hapo. Wa nyuma walikuwa wakimtazama tayari. Wa mbele, kwa hofu ya kumpa mgongo, waligeuka wote kwa pamoja, wengine wakikanyagana.

“Kushoto!” aliamuru.

Wakainama, nusu huku, nusu kule. Mstari wa skrini ulilala kimya. Nezu akalia, machozi kabisa, na hakuyafuta.

“Kulia!” Onodera alisema, kisha, bila kugeuza shingo: “Nezu, waambie wale wa kamba washuke.”