Ndago za Baba

Mimi ni mkono wa birika, na shangazi analijua hilo kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo nilipomwambia nimenunua tiketi mbili tukatembee kwenye lile jumba la shambani lililokarabatiwa, tutazame vyumba na bustani, alinitazama kama mtu anayeuziwa mbuzi kwenye gunia. Tukafika langoni. Hapo akaniuliza ndani ya mkoba mna nini, maana nilikuwa nimeukumbatia tangu nyumbani. Nikamwambia mna leso. Sikusema uongo. Leso ilikuwamo, imelowa maji, na ndani ya leso nilikuwa nimefunga konzi ya ndago.

Asiyelima haijui ndago. Juu ni jani jembamba tu, la kijani, hata linapendeza. Balaa lake liko chini, kwenye viazi vidogo vyeusi vilivyoungana kwa nyuzi. Ukilivuta jani linakatika mkononi, viazi vinabaki, na mvua ikinyesha unakuta ukoo mzima pale ulipoacha jani moja. Baba yangu alipigana nayo miaka yote aliyokuwa mtunza bustani wa jumba hili. Alitambaa na kisu, magoti kayafunga vipande vya gunia, akichimba kiazi kimoja kimoja, mpaka ukoka wa mwenye nyumba ukatandazika kama shuka.

Huyo mwenye nyumba sisi tulimwita Bibi Mkubwa. Siku ya harusi ya binti yake, wageni wamejaa bustanini, aliona jani moja la ndago karibu na meza ya keki. Alimwita baba mbele ya watu wote. Akamwamuru apige magoti, na suruali yake ya sikukuu, aichimbe kwa vidole. Wageni walicheka, mmoja akapiga picha. Baba alipoinuka aliambiwa jua lisizame tukiwa bado tupo. Tulipita katikati ya sherehe kwa sababu njia ya nyuma ilizibwa na magari, mama na masufuria yake, baba na kitanda kichwani, mimi nikishika mguu wa kitanda kisiyumbe, na muziki unapigwa. Baba hakuwahi kusema neno baya juu ya yule mwanamke mpaka alipokufa na magoti yake yaliyovimba. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Yeye alisamehe, lakini mimi sikuulizwa.

Bibi Mkubwa naye alishakufa. Mjukuu wake ndiye aliyelikarabati jumba na kulifungua kwa watu, na alitupokea mwenyewe barazani, gauni jeupe, meno nje. Alimwita shangazi mama, mimi akaniita dada. Nilikuja nimejiandaa kumchukia, na ucheshi wake ulikuwa unaniharibia kazi. Tukaonyeshwa sakafu za mbao zilizong'arishwa, kitanda chenye nguzo, vikombe visivyoguswa nyuma ya vioo. Nyuma ya jiko, kile chumba tulicholala sote, baba, mama na sisi watoto, sasa ni duka la sabuni. Shangazi alinusa moja, akauliza bei, akairudisha haraka mahali pake. Nikamwuliza Mjukuu chumba hiki zamani kilikuwa cha nini.

"Stoo, nafikiri," akasema.

Hapo ucheshi wake ukaisha nguvu kwangu. Na tulipotoka nje nikakuta kibao, kimeandikwa kwa herufi za dhahabu kwamba bustani hii ilitengenezwa na Bibi kwa mikono yake mwenyewe. Palikuwa na picha yake ameshika mkasi, amevaa glavu nyeupe. Damu ilinichemka hadi masikioni. Nikamwomba shangazi mwavuli wake wenye ncha ya chuma, eti jua kali.

Niliketi kwenye benchi pembeni ya ukoka. Mjukuu alikuwa ameenda kupokea wageni wengine. Nikawa natoboa ardhi kwa ncha ya mwavuli, nadondosha ndago, nakanyaga kwa kisigino, nasogea kidogo. Kila tundu nililikanyaga kwa raha ambayo sijaipata kwa muda mrefu. Leso ilipobaki tupu nilipumua, nikainuka niende zangu.

Ndipo nikamwona mtu nyuma ya ua wa michongoma. Alikuwa mwanamume wa rika langu, amepiga magoti, magoti yenyewe kayafunga vipande vya tyubu ya tairi, kisu mkononi. Nilisimama kama niliyesahau kutembea. Nikamsalimia, nikamwuliza anatafuta nini.

"Ndago, dada. Wanasema ilikuwapo zamani. Nimeshaambiwa, ikionekana hata moja, nitafute kazi kwingine."

Alisema bila kinyongo, sauti ileile ya baba. Nikahisi nimepigwa kofi. Nilikuwa nimebeba kisasi changu miaka yote hiyo, na nimekuja kukitua juu ya mgongo wa mtu kama baba.

Nilirudi kwenye benchi, nikapiga magoti, nikaanza kufukua kwa kibanio cha nywele. Tundu kwa tundu, nikivirudisha viazi ndani ya leso, nikijitukana kimoyomoyo. Nilikuwa nimefika karibu na mwisho nilipoona viatu vya Mjukuu mbele yangu. Akaniuliza kulikoni. Nikamwambia nimeangusha hereni. Shangazi, anayejua kwamba sijawahi kutoboa masikio, alikohoa akageukia maua. Kilemba kilikuwa kimenifunika vizuri, na Mjukuu hakuwa mtu wa kuchunguza sana. Akakunja gauni lake jeupe, akapiga magoti kando yangu, akapapasa nyasi. Nilimtazama mjukuu wa Bibi Mkubwa akitambaa pale pale, nikafukua kiazi cha mwisho na kukifumba kiganjani. Nikasema nimeipata.

Nilimwomba radhi kwa kumchafulia gauni. Akacheka, akajipangusa.

"Usijali, dada, nimezoea. Kila Jumamosi nipo chini kwenye waridi za bibi. Tuta lile hata mtunza bustani haruhusiwi kuligusa. Bibi aliusia litunzwe kwa mikono ya familia tu."

"Ya familia tu?"

"Tu. Hata mama yangu, na mgongo wake ule, huja kunisaidia."

Mama yake ndiye bibi harusi wa siku ile. Nikaomba nionyeshwe.

Tuta lilikuwa chini ya dirisha kubwa, udongo mweusi laini, waridi zimejipanga. Nilizisifia kwa moyo wote. Shangazi akanitupia jicho moja, akamshika Mjukuu mkono, akasema ile sabuni amebadili mawazo, anaitaka, lakini hajui achague ipi. Wakaondoka wakizungumza. Sikuhitaji mwavuli. Nilididimiza kwa kidole, kiazi baada ya kiazi, chini ya mizizi ya waridi kabisa, mahali ambapo kisu hakifiki bila kuukata mmea. Nilimwonea huruma Mjukuu, sikatai, maana hakunikosea kitu. Kisha nikaukumbuka mguu wa kitanda, nikaendelea.

Mjukuu alitusindikiza mpaka langoni. Alitukaribisha tena, nikamwambia nitarudi mvua zikipita, na niliahidi kwa dhati.

Barabarani shangazi alitembea na sabuni yake mkononi, imefungwa kwa utepe. Tulipoliacha jumba nyuma akasimama.

"Umezifukia kwa kina gani?"

"Kidole kizima."

Akatikisa kichwa akipiga hesabu zake. Yeye ni dada wa baba, na siku ile ya harusi alikuwa jikoni akiosha sahani. Nilingoja anigombeze. Akauchukua mkono wangu, akautazama udongo uliojaa kwenye kucha, akanipa ile sabuni.

"Usinawe kwanza," akasema. "Tupitie kaburini, baba yako auone."