Mwenyekiti wa Kunde Aenda Bamako

Barua ya nane Umoja wa Wakulima wa Kunde haukuiandika. Zile saba za kwanza ziliomba shule za serikali ziwalishe watoto kunde badala ya mchele wa kutoka nje, na hazikujibiwa hata kwa matusi. Wakati huo huo ghalani kulikuwa na magunia elfu mbili, na fukusi walikwishaanza kuyaonja. Zikipita wiki tatu hivi, kutabaki vumbi.

"Tumpeleke mwenyekiti mwenyewe," akasema Djénébou, katibu wa Umoja. "Waziri ni Touré, huyu wetu ni Coulibaly. Atamfukuzaje mtani wake?"

Ukumbi mzima ukacheka, isipokuwa mwenyekiti. Kote nchini Mali watu wa ukoo wa Coulibaly huitwa walaji kunde, na kazi ya kila Coulibaly tangu anapoota meno ni kukana. Anayekubali, hata kwa mzaha, amejifanya mtumwa wa anayemtania. Zoumana Coulibaly alikuwa amelima kunde, akaziuza na kuzipigania kwa miaka kumi na tisa, na mbele za watu hakupata kutia hata punje moja mdomoni. Nyumbani, mlango ukishafungwa, hayo yalikuwa mambo yake na mkewe.

Akapanda basi kutoka Ségou hadi Bamako na kigunia cha mfano. Getini kwa waziri, askari akamsimamisha.

"Jina?"

"Coulibaly."

"Na humo mna nini?"

"Kunde."

Askari akajishika mbavu. "We mzee, umefunga chakula cha njiani!"

"Nimekuletea wewe, mtumwa wangu. Nimesikia hujala tangu juzi."

Geti likafunguliwa. Milango mingine minne ikafunguliwa kwa vicheko hivyo hivyo, mbele ya mabwana wenye mafaili waliokuwa wamekaa pale tangu Jumatatu. Zoumana akajiona bingwa.

Shida ilimngoja ndani. Waziri, Bi Korotoumou Touré, alikuwa na makarani wawili na mwandishi mmoja wa redio aliyekuja kwa shughuli nyingine kabisa.

"Mama Waziri," Zoumana akaanza kwa heshima, "kunde zinajenga mwili."

"Jamani, shahidi kaja!" Waziri akapiga meza. "Umejuaje, Coulibaly?"

"Nimeona kwa akina Touré, walivyonenepa," akajibu. Angefanyaje? Ndivyo utani ulivyo.

Makarani wakaangua kicheko. Akaeleza habari za fukusi, wakacheka. Akataja kaya mia sita zinazotegemea zao hilo, karani mmoja akalazimika kutoka nje apate hewa. Kila alivyozidi kukunja uso ndivyo walivyozidi kufurahi, na mwandishi akawasha mashine yake ya kunasa sauti asikose uhondo.

"Haya, haya," Waziri akasema, akijifuta machozi. Akavuta karatasi na kalamu. "Hati ya kunde za shule hii hapa. Nasaini sasa hivi. Ila kwanza useme kwa kinywa chako kwamba nyinyi Coulibaly mnakula kunde."

Alikuwa akitania tu, akisubiri Zoumana akane, kama akina Coulibaly walivyomkania mama yake na bibi yake. Zoumana akaona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akayafikiria yale magunia. Akamfikiria Djénébou, aliyeahirisha harusi ya bintiye mpaka kunde zitoke ghalani.

"Tunakula," akasema. "Mimi nakula. Kila siku. Asubuhi nakula kiporo chake."

Hakuna aliyecheka. Karani akaweka kikombe chini polepole. Waziri akamtazama kama mtu aliyevua nguo mbele yake.

"Zoumana," akasema, akimwita jina lake kwa mara ya kwanza, "hali imekuwa mbaya kiasi hicho?"

"Ndiyo, mama."

Waziri akasaini bila kumtazama tena.

Malori yakaja wiki iliyofuata, na ghalani halikubaki hata gunia moja. Djénébou akamwoza bintiye. Wazee wa Coulibaly nao wakakaa kikao na kutangaza kwamba mwenyekiti alikula peke yake, ukoo haumo. Hilo Zoumana alilitarajia.

Asilolitarajia lilimkuta sokoni. Bakary Touré, muuza chumvi, kwa miaka thelathini hakuwahi kumwacha apite salama. Kila soko la Jumatatu alitangaza jinsi tumbo lake lilivyojaa kunde, kwa sauti ya mnadi. Safari hii alisimama, akavua kofia.

"Habari za asubuhi, mwenyekiti. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo." Zoumana akangoja. Wapi! "Bakary, huna la kuniambia?"

"Ninalo. Tunakushukuru kwa kazi ya Umoja."

"Acha hizo, bwana! Niite mla kunde!" Hakujali nani anasikia. "Niite mara moja tu."

Bakary akainamisha macho kwenye chumvi yake.

"Siwezi, kaka," akasema. "Tumesikia redioni kwamba ni kweli."