Kura Mkononi mwa Wayne

Wamaitha alikuwa amempa mwanawe kura yake kabla hajajua atamwambia ampigie nani.

Uchaguzi wa Uingereza ulitangazwa ghafla mwezi wa Mei. Wamaitha alikuwa na uraia wa huko, na ingawa sasa aliishi Farsta, kusini mwa Stockholm, sheria ilimruhusu kupiga kura katika mji mdogo alikoishi kwa miaka mingi, saa moja kwa treni kutoka Birmingham. Karatasi za kura zinazotumwa ng'ambo kwa posta mara nyingi huchelewa, kwa hiyo akachagua kupigiwa kura na wakala. Mtu aliyebaki katika ile nyumba ya zamani alikuwa Wayne, mwanawe wa pekee.

"Utanipigia kura?" alimwandikia.

"Sawa. Nani?"

"Nitakuambia."

Ujumbe wao wote ulikuwa mfupi hivyo tangu Wamaitha aolewe na Édouard, injinia Mkongomani aliyepata kazi Kista, kaskazini mwa Stockholm, na kumfuata Sweden. Wayne alikuwa na miaka kumi na tisa wakati huo. Alikataa kuhama na mama yake, akakataa pia kuja harusini. Hawakugombana kwa maneno. Walianza tu kuandikiana kama watu wa ofisi mbili tofauti.

Wiki zikapita na Wamaitha hajaamua. Si kwamba hakujali. Kila alipokaribia kuamua, mtu fulani alimjia mawazoni akamvuta upande mwingine.

Kwanza alikuwepo mbunge mwenyewe, mzee wa chama tawala. Miaka ile ombi la uraia la Wamaitha lilipokwama bila sababu, alikwenda kukaa kwenye foleni ofisini kwa mbunge huyo. Alisikilizwa, akaulizwa jina la mtoto wake, na barua ikaandikwa. Baada ya muda mfupi ombi lilipita. Wamaitha hakuwahi kukipenda chama cha yule mzee, lakini mtu aliyekutendea wema kama huo humfuti moyoni kirahisi.

Halafu kulikuwa na Leba, chama alichokipigia kura siku zote, kama marafiki zake wote hospitalini alikofanya kazi ya maabara. Mwaka huu walisema Leba wangeweza kukichukua kiti hicho kwa mara ya kwanza, na kwamba kila kura ingehesabika.

Na kulikuwa na Beverly.

Beverly alikuwa binti wa marehemu kaka yake. Alikwenda Uingereza kuhudumia wazee kwenye makao yao, akamwacha mtoto wake, Bravin, kwa bibi yake Thika, akitumaini kumchukua akishatulia. Kabla hajatulia, serikali ikapitisha sheria kwamba wahudumu wapya kama yeye wasilete familia. Yule mbunge mwema aliiunga mkono. Leba nao hawakuahidi kuiondoa. Kati ya wagombea wa pale ni mama mmoja wa chama cha Kijani tu aliyesema waziwazi kuwa sheria hiyo ni ukatili, na mama huyo kila mtu alijua hashindi.

"Mimi nampigia huyo, anti," Beverly alimwambia kwenye simu. Yeye pia aliruhusiwa kupiga kura, kwa kuwa Mkenya ni mtu wa Jumuiya ya Madola. "Najua hatashinda. Lakini nataka mtu mmoja pale aone kuna watu wamekasirika."

"Nitafikiria, mami."

"Fikiria, anti. Tukiwa wawili si kama nikiwa peke yangu."

Huku Stockholm hakukuwa na wa kushauriana naye. Kundi la WhatsApp la Wakenya lilikuwa likiwaka moto kwa habari za Nairobi, ambako vijana walikuwa barabarani wakipinga kodi na wengine walikuwa wameuawa. Jumapili baada ya ibada, Lameck, Mtanzania aliyepiga kinanda kanisani, alimkuta amesimama peke yake na kikombe cha kahawa iliyopoa.

"Unawaza ya Nairobi, dada?"

"Nawaza uchaguzi wa Uingereza."

Lameck alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Samahani, dada, nisaidie nielewe. Kwenu ni Kenya. Unaishi hapa. Sasa Uingereza inakuhusu nini?"

Wamaitha alitaka kumwambia kuwa hapa Sweden hajawa raia na bunge lao hawezi kulipigia kura, na kwamba kule ana mtoto. Lakini aliona aibu, kwa sababu watu walikuwa wakililia vijana wa nyumbani naye alikuwa akipima wagombea wa mji ambao hata maduka yake ameanza kuyasahau. Akasema, "Hata mimi sijui," akaenda kuosha kikombe.

Siku moja kabla ya uchaguzi, Édouard alimkuta akipanga upya kabati la vikombe ambalo lilikuwa limeshapangwa.

"Mama Wayne," alisema, kwa Kiswahili chake cha Bukavu, "uko unahangaika sana. Muulize mutoto. Yeye ndiye anakaa kule."

"Kura ni yangu."

"Najua ni yako. Nasema umuulize tu."

"Nikimuuliza ataona mama yake hajui anachotaka."

Édouard alichukua kitambaa akaanza kufuta vikombe. "Pengine unangoja hivyo kwa sababu ukishamwambia, hamtakuwa na kitu cha kuongea tena," alisema.

Wamaitha alimnyang'anya kitambaa. Édouard alikuwa amesema kweli.

Siku ya uchaguzi, Alhamisi, Wamaitha alitoka kazini mapema kwa kuwa hakuweza kutulia. Kwenye treni alishika simu mkononi, akaandika jina la mgombea, akalifuta, akaandika jingine. Alipoinua macho hakuzitambua nyumba zilizopita dirishani. Alikuwa amepanda treni ya kwenda Hagsätra badala ya ile ya Farsta, kosa ambalo hakulifanya hata mwaka wake wa kwanza. Akashuka Rågsved, na badala ya kuvuka kungoja treni ya kurudi, akatoka nje ya stesheni, akatembea kati ya maghorofa hadi akapata benchi. Jua lilikuwa kali. Wanawake wawili walimpita na vigari vya watoto wakiongea Kisomali.

Akampigia Wayne.

"Nilikuwa nangoja," Wayne alisema. Alizungumza Kiingereza, kama kawaida yake, akiingiza Kiswahili hapa na pale. "Natoka kazini saa hizi. Nampitia Bev, tunaenda pamoja. Basi, nani?"

"Unampitia Beverly?"

"Kila siku, Mama. Basi la kwenda kwenye yale makao waliliondoa. Mimi ndiye nampeleka zamu na kumrudisha."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza." Hakusema kwa ukali. "Akishaongea na Bravin kwa video huwa hataki kuingia nyumbani. Tunakaa ndani ya gari mpaka amalize kulia. Sasa nimezoea."

Wamaitha alijaribu kumwona mwanawe ameketi kwenye usukani, akingoja kimya mtu mwingine amalize kulia. Hakumjua Wayne huyo. Aliyemwacha alikuwa kijana wa kufunga mlango wa chumba chake kwa kishindo.

"Wewe ungempigia nani?" akauliza.

"Leba. Siwapendi, lakini nataka yule mzee atoke. Yeye ndiye aliyeinua mkono kuipitisha ile sheria."

"Alinisaidia yule mzee."

"Najua alikusaidia. Nilikuwepo."

"Basi niambie nifanye nini."

"Hapana, Mama. Kwanza, kusema ukweli, sijui kwa nini unapiga kura huku. Uliondoka. Sisi ndio tunaishi na atakayeshinda. Lakini kama unapiga, piga wewe. Mambo yangu mengi uliamua peke yako hukuniuliza. Hili la kwako usinitwike mimi."

Maneno hayo yalimchoma. Aliinuka kwenye benchi, akatembea hatua chache, akarudi. Alikuwa na majibu mengi aliyoyatayarisha kwa miaka: kwamba naye alikuwa na haki ya kuolewa, kwamba alimwomba Wayne waende pamoja, kwamba nyumba hakuifunga. Yote yalikuwa kweli na hata moja halikumtoka.

"Nilipaswa kukuuliza wewe kwanza," alisema mwishowe. "Kabla ya kumjibu Édouard. Ningekuuliza."

"Ndiyo," Wayne alisema. "Ungeuliza."

Wamaitha akasema, "Mpigie yule mama wa Kijani."

"Hatashinda."

"Najua."

"Na kura ikipotea mzee anaweza kurudi."

"Hilo nalo najua, Wayne. Beverly asiwe peke yake."

"Sawa."

"Nitajuaje umefanya nilivyosema?"

"Hutajua," alisema. "Nitakuwa peke yangu pale ndani."

Jioni hiyo aliletewa ujumbe wa neno moja: "Tayari." Alipika, akasahau chumvi, na Édouard akaenda kuichukua kabatini.

Asubuhi alisoma matokeo amesimama jikoni. Nchi nzima chama tawala kilikuwa kimeangushwa vibaya. Lakini katika ule mji mdogo yule mzee alikuwa amebaki na kiti chake. Leba walikuwa wamekikosa kwa kura zisizofika mia. Mama wa Kijani alikuwa wa nne.

Wamaitha aliweka simu mezani, akaichukua tena, akahesabu upya kana kwamba tarakimu zingebadilika. Kura yake moja isingegeuza matokeo, lakini aliwawaza wengine waliofanya kama yeye, kila mmoja na Beverly wake. Akangoja Wayne apige. Aliyepiga alikuwa Beverly.

"Anti, umeona?"

"Nimeona. Angalau tulikuwa wawili, mami."

"Anti, nisamehe. Mimi nilimpigia Leba."

Wamaitha alivuta kiti, akakaa.

"Nilifika pale na ile kalamu nikaona, huyu mzee akitoka labda atakayekuja anaweza kuombwa. Nilishindwa kufanya kile nilichosema. Wayne alikuwa hajui. Tulipotoka ndipo aliniambia wewe umempigia Kijani kwa ajili yangu, nikashindwa hata kukupigia."

"Na Wayne alisema nini?"

"Alicheka mpaka akaegemea gari. Halafu akakasirika. Halafu akacheka tena."

Wamaitha hakujua acheke au afanye nini. Alimwambia Beverly kwamba hakukosea, na alipokuwa akisema aligundua kwamba anamaanisha. Kisha akamuuliza habari za Bravin, na Beverly akamweleza kuhusu jino lililong'oka na jinsi mtoto alivyong'ang'ania kulionyesha mbele ya kamera, na wakaongea hivyo mpaka Beverly akaitwa kazini.

Wayne alipopiga, Wamaitha alikuwa tayari nje, akitembea kwenda stesheni.

"Nikuambie jambo," Wayne alisema bila salamu. "Nilipopewa karatasi mbili nilianza na yako. Nilitaka kuweka alama kwa Leba kwenye zote. Nilisimama pale hadi yule mama wa kituo akaniuliza kama nahitaji msaada."

"Na?"

"Nilifanya ulivyosema. Na leo asubuhi nilitamani ningekudanganya."

"Ningekuamini tu hata ungedanganya."

"Ndiyo maana sikuweza."

Treni ilikuwa ikiingia. Wamaitha aliiacha ipite, watu wakimzunguka kwenye jukwaa, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitano akamuuliza mwanawe swali bila kulipima kwanza.

"Nikija mwezi wa nane nitakaa wapi?"

"Hapa. Chumba kidogo kina vitu vyangu, nitavitoa. Unakuja na Édouard?"

"Wewe unataka nije naye?"

Wamaitha alimsikia akifungua mlango wa gari, akiingia, akiufunga.

"Mara hii njoo peke yako," alisema. "Mara nyingine tutaona."

"Sawa," Wamaitha alisema. Jibu hilo lilimuuma kwa ajili ya Édouard, na hakujua angemwelezaje jioni. Lakini Wayne alikuwa ameulizwa na amejibu. Treni iliyofuata ilipofika alisoma mara mbili maandishi ya mbele ndipo akapanda, akabaki amesimama mlangoni mpaka mjini, ingawa viti vilikuwa vitupu.