Mislèn Asiambiwe

Kanès alinikuta bondeni nikichuma majani ya mstafeli, jua halijapanda vizuri na sketi yangu imelowa umande hadi magotini. Kanès ndiye mhudumu wa afya wa hapa Fon Zaboka. Hutembea na mizani ya kupimia watoto begani na simu mbili mfukoni, na kila akiniona na majani hunipa mhadhara. Siku hiyo hakunipa mhadhara.

"Iloniz, mama yangu, kaa chini kwanza."

"Sikai. Sema."

Akasema. Lori la ndizi alilopanda mwanangu Elifèt kwenda sokoni lilipinduka jana kwenye kona ya mtoni. Wengine walitoka na michubuko tu. Yeye mguu wake wa kulia ulibanwa chini ya lori mpaka jioni, watu walipopata magogo ya kulinyanyua. Sasa alikuwa hospitali ya mjini, mguu umeanza kuwa mweusi kutoka vidoleni. Madaktari walitaka kuukata asubuhi hiyo hiyo, na Elifèt alikuwa amekataa kutia sahihi mpaka mke wake afike.

"Anasema mguu huo unalima shamba la watu wawili, hawezi kuutoa peke yake," alisema Kanès. "Twende tumwambie Mislèn. Pikipiki ya binamu yangu iko pale barabarani, inatungoja."

Mislèn, mke wa mwanangu, alikuwa na mtoto wa wiki tano kifuani.

"Mislèn asiambiwe," nikasema.

Kanès alinitazama kama mtu aliyejua nitasema hivyo na alikuwa akiomba nisiseme. Katika milima hii ya kusini mwa Haiti hakuna asiyelijua jambo hili. Mama anayenyonyesha akipata mshtuko, damu yake inachafuka, na damu ikichafuka maziwa yanaharibika. Mtoto ananyonya, anaharisha, anakauka. Nimewatibu wanawake wa hivyo zaidi ya miaka thelathini, wengine wameletwa kwangu kwa machela kutoka upande wa pili wa mlima. Sikujifunza jambo hilo kwenye semina ya siku tatu yenye soda na biskuti.

Na nyumbani kwangu mwenyewe lilishatokea. Miaka miwili kabla ya siku hiyo Mislèn alikuwa na mtoto wa kiume wa miezi miwili. Mpumbavu mmoja akapita barabarani, akampigia Mislèn kelele kutoka juu ya punda kwamba baba yake mzazi amefariki. Jioni ile ile nikamwondoa mtoto kwenye titi. Nikampikia uji wa unga wa mhogo kwa maji ya chemchemi, nikamlisha kwa mkono wangu. Siku ya nane tukamzika. Kanès aliniambia, mara moja tu, kwamba maziwa hayakuwa na kosa, kwamba kilichomuua ni yale maji. Sikumsemesha mwaka mzima.

"Mama, mimi sibishani nawe leo," alisema. "Wewe una njia yako ya kumwandaa mtu kabla ya kumpa habari. Mwandae. Lakini fanya haraka, ule mguu haungoji."

"Nusu saa," nikamwambia.

Njia ninayo kweli. Mtu asipewe habari mbaya akiwa na njaa, wala akiwa na joto la moto au la jua, maana mshtuko ukikuta mwili una joto unapanda moja kwa moja kichwani. Ale kwanza. Apoe. Kama ananyonyesha, mtoto ashibe na alale. Anywe chai ya majani ya mstafeli, akae, mtu amshike mabega kwa nyuma. Hapo ndipo unamwambia, taratibu, ukianzia mbali.

Nikapanda mbio hadi nyumbani. Mislèn alikuwa amekaa mkekani kivulini. Alikuwa amekula, sahani ya shelisheli ilikuwa tupu pembeni yake. Mtoto amelala, tumbo limejaa, mdomo wazi. Mikono ya Mislèn ilikuwa ya baridi, maana alikuwa ametoka kufua. Kama kuna mtu aliyewahi kuwa tayari kupokea habari mbaya hapa duniani, ni yeye, asubuhi ile.

"Umeamka na miguu ya nani leo, mama? Mbona unahema?" akaniuliza akicheka.

Nikafungua mdomo. Na kilichotoka ni hiki:

"Ile kahawa ya gunia itaota ukungu. Hebu nikaangie, mwanangu. Yote."

"Yote leo?"

"Yote."

Akashika sufuria kubwa, akachochea kuni. Baada ya dakika kumi uso wake ulikuwa unatiririka jasho. Nikajisemea kwamba nampa kazi ili asiwaze, kumbe nilijua ninachofanya. Mtu anayekaanga kahawa yuko motoni, na mtu aliye motoni haambiwi kitu.

Kuanzia hapo sikuweza kukaa. Nilikuwa nikitoka nyumbani hadi kwenye ua, kutoka kwenye ua hadi jikoni, nikizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilipanga majani, nikayapangua. Nikachambua mbaazi zilizokwisha kuchambuliwa. Habari za kijiji hazina pazia, na kila kichwa kilichotokea njiani niliona kinakuja kwetu.

Wa kwanza alikuwa Klemans, jirani yangu wa chini, amejifunga kitambaa cheupe kichwani na mdomo umeshapinda tayari kwa kulia. Nikamkimbilia kabla hajafika kwenye ua.

"Unaenda wapi hivyo?"

"Nimekuja kumpa pole Mislèn. Maskini, kijana wa watu, na mguu ule alivyokuwa akiuchezea ngoma—"

"Punguza sauti. Na hicho kitambaa kivue, nani amekufa?"

"Kwani hajaambiwa?"

"Ananyonyesha, Klemans. Una watoto saba, nikufundishe mimi?"

"Haya, sawa. Basi nikamsaidie kukaanga tu, nitanyamaza."

"Wewe? Wewe ulishindwa kunyamaza padri akiwa anaombea wafu. Rudi kwako. Nikihitaji mdomo nitakuita."

Akaondoka amenuna, na hakuvua kitambaa. Mislèn akaniita kutoka jikoni, nani huyo, na mimi nikamjibu kwamba ni Klemans ametaka chumvi. Nilishangaa jinsi uongo ulivyotoka laini.

Kanès akarudi. Nusu saa ilikuwa imeshakuwa saa nzima.

"Tayari?"

"Bado ana joto. Anakaanga kahawa."

Akaondoka, akarudi tena jua limepanda juu ya minazi. Hospitali walikuwa wamepiga simu. Weusi ulikuwa umepita kifundo cha mguu na Elifèt alikuwa na homa, lakini bado anasema hapana, mke wangu kwanza.

"Apoe kwanza," nikamwambia. "Mwili wenye joto—"

"Nani alimpa kahawa akaange?"

 Alikuwa haniangalii mimi, alikuwa anaangalia kikapu nilichokiweka nyuma ya mlango, ambacho asubuhi yote nilikuwa nikikijaza bila hata kujiambia ninakijaza kwa ajili gani. Akafunua kitambaa. Chupa ya mafuta ya nyonyo. Majani ya kuvuta uvimbe, yale mapana, yamekwisha kusuguliwa. Bandeji za shuka la zamani, na kigoda changu kidogo ninachokalia ninapomkanda mtu.

"Haya si ya maziwa, mama," alisema polepole. "Haya ni ya mguu."

"Nimeunga mifupa mingapi hapa? Hujui kuhesabu? Wale wanajua kukata tu. Nipe siku mbili na ule mguu—"

"Ule mguu umekufa. Nisikilize. Si umevunjika, umekufa, na unamvuta yeye."

"Mimi ndiye niliyemzaa na miguu miwili!"

Hapo nilipaza sauti. Ni mimi, si Klemans, si mpanda punda. Jikoni mwiko wa kukorogea kahawa ukanyamaza.

Mislèn akatoka. Uso unang'aa jasho, nywele zina moshi, mwiko bado mkononi. Yaani alikuwa katika hali ile ile ambayo miaka yote nimewakataza watu kumpa mtu habari akiwa nayo. Nikasogea nimshike mabega, akarudi nyuma hatua moja.

"Elifèt amekufa?"

"Hapana, mwanangu. Kaa kwanza, upoe, nikuletee—"

"Kama hajakufa, niambie kilichobaki."

Nikamwambia. Sikuanzia mbali. Lori, mguu, weusi, sahihi. Alisikiliza amesimama juani, na mimi nikawa natazama kifua chake kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa isifurike. Hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja.

"Umejua tangu saa ngapi?"

"Kanès alinikuta bondeni."

"Asubuhi. Na mimi nilikuwa nimekaa mkekani." Alitazama gunia la kahawa, akatazama kikapu kilichofunuliwa. Mislèn si mjinga, sijawahi kumwona mjinga. "Ulikuwa unalinda maziwa, mama, au ulikuwa unalinda mguu?"

Ningeweza kumjibu kwa ukali. Ni mke wa mwanangu, mimi ndiye mkubwa, na ulimi wangu haujawahi kukosa neno. Lakini nilijua jibu lake, na nilikuwa nimelijua tangu asubuhi, tangu nilipofungua mdomo pale kivulini. Nilijua akifika atasema wakate. Anampenda mume wake mzima au nusu. Mimi nilimtaka mzima, na nikamtumia mjukuu wangu kama ukuta wa kujifichia.

Alivua aproni, akamfunga mtoto kifuani, akaenda zake barabarani. Nikamfuata bila kikapu. Binamu wa Kanès alitupakia sote kwenye pikipiki, mimi nyuma kabisa nimeng'ang'ania chuma, kwa saa mbili za mashimo na mavumbi.

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke mdogo mwenye macho mekundu ya usingizi. Alimpa Mislèn karatasi, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi, kisha akasema, bila ubaya, kama mtu anayeeleza bei ya kitu:

"Asubuhi tulitaka kukata hapa." Aligusa mguu wake mwenyewe, chini kidogo ya goti. "Hapo angevaa mguu wa bandia na kupanda mlima wenu bila shida kubwa. Sasa goti haliwezi kubaki. Tutakata hapa."

Akagusa katikati ya paja.

Mislèn alitia sahihi.  Kisha mtoto akaamka na kulia kwa njaa. Mislèn akakaa kwenye benchi la varanda akampa titi, na mimi nikajikuta nimesogea, mkono umenyooka kumzuia, ule ule mkono uliomwondoa mtoto wa kwanza kwenye titi.

"Usimguse," akasema.

Nikarudisha mkono. Mtoto akanyonya. Alinyonya kwa pupa, maziwa yakimtoka pembeni ya mdomo, akashiba, akacheua, akalala. Nilikaa kwenye lile benchi nikimtazama mchana wote. Nilimtazama usiku ule na kesho yake na siku iliyofuata, nikingoja aharishe. Hakuharisha. Ngozi yake ilibaki laini na nepi zake zikawa za njano tu kama za mtoto yeyote anayenyonya. Siku ya nane ilipita, akacheka kwa mara ya kwanza, na mimi nikaenda nyuma ya jengo la hospitali nikamlilia yule mwingine, ambaye sikuwa nimemlilia hivyo hata siku ya kumzika.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ya pili baada ya kukatwa, Elifèt alipata nafuu ya kuzungumza. Alikuwa amekauka midomo. Mkono wake ulishuka taratibu chini ya shuka, ukatafuta goti, ukaendelea kutafuta.

"Walisema watabakiza goti," akasema.

Nikasimama upande wa miguuni, pale ambapo shuka lilikuwa limelala bapa. Mislèn alikuwa upande wa kichwani na mtoto.

"Tulichelewa," alisema Mislèn.

"Niliwangoja tangu alfajiri. Kwani simu haikufika? Mama, mlikuwa wapi?"

Nilitafuta maneno. Nilikuwa tayari kuyasema, Mungu ni shahidi, nilikuwa nimeshavuta pumzi. Mislèn alinitazama, akaweka mkono juu ya paji la uso wa mume wake, akasikiliza homa yake kwa kiganja kama nilivyomfundisha mimi mwenyewe.

"Mama alikuwa ananiandaa," akamwambia. "Si unajua nanyonyesha."

Elifèt akafumba macho. "Kweli," alisema. "Kweli, nilisahau mtoto. Ahsante, mama."

Imekuwa miaka mitatu sasa. Anatembea kwa magongo hadi mwisho wa shamba, anakaa juu ya jiwe, anatuelekeza mimi na mke wake namna ya kulima. Bado ananishukuru, hasa mbele ya wageni. Mislèn akiwepo huinamia jembe lake na kuendelea kulima, na mimi nalima naye.